Usitazame Viatu vya Mteja

Maneno haya niliwaambia vijana waoshaji na wang'arishaji wa magari tuliokutana Jumamosi katika ukumbi mmoja wa komini iitwayo Kenya, hapa mjini Lubumbashi, Kongo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale waliobaki kazini siku ile.

Jambo yenu wote!

Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi kwetu ni siku ya harusi, na gari la bibi arusi halisubiri mtu. Kila mmoja wenu ameacha ndoo yake mikononi mwa mwenzake ili akae hapa, kwa hiyo sitawazungusha. Nitaanza na jambo lililonitia aibu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa mlangoni pa lavaji yangu, yaani kiwanja changu cha kuoshea magari, na daftari langu magotini. Ikaingia Prado nyeupe iliyotoka migodini upande wa Kolwezi, vumbi jekundu limeijaa hata namba haisomeki. Mwenye gari akashuka. Kijana wangu, kijana mzuri mwenye mkono mwepesi, akamtazama viatu. Akamtazama saa. Akatazama simu aliyoshika. Ndipo akasema: "Dola 35, mukubwa." Gari lenyewe hakulizunguka. Hakufungua mlango, hakugusa kiti, hakuinua zulia. Na asubuhi ileile Prado nyingine ya umri uleule, yenye vumbi lilelile, tulikuwa tumeiosha ndani na nje kwa dola 20, kwa sababu mwenyewe alishuka amevaa kandambili.

Wale wawili ni mashemeji. Sisi hatukujua. Jumapili wakakaa meza moja, wakala bukari, wakaongea habari za magari kama wanaume wanavyoongea. Jumatatu wakaja wote wawili. Hawakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kwangu kama wangepiga. Yule wa 35 aliniuliza swali moja tu: "Mama, hizi kumi na tano za juu zilikuwa za kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua daftari nikalitazama kana kwamba jibu limeandikwa mle. Nikamrudishia dola zake 15, nikamwomba msamaha mbele ya shemeji yake na mbele ya vijana. Jioni yule kijana alikuja kwangu akitetemeka, akidhani nitamfukuza. Nilimwambia kosa ni langu. Miaka kumi na minne nimefanya kazi hii, na siku ile ukuta wangu haukuwa na kibao cha bei.

Wadogo zangu, hilo ndilo limenileta hapa. Kila tunapokutana tunalalamika juu ya wateja wagumu. Huyu anabishana, yule halipi, mwingine anasema tumemkwaruza. Nami nalalamika pamoja nanyi. Lakini nilipopitia daftari langu la miaka yote hii, nikatia alama kila ugomvi ulioandikwa mle, nikaona kwamba mwingi ulizaliwa kabla maji hayajagusa gari. Ulizaliwa pale tuliposema bei kwa kutazama uso wa mtu, au tulipokosa kuisema kabisa tukatumaini mambo yatajipanga jioni.

Bei ya uso ina ladha, sikatai. Mtu anatoka mtaa wa Golf, kwa matajiri, unamtoza mara mbili ya mtu wa Katuba, kwa watu wa kawaida, usiku unahesabu noti unafurahi. Wengine mnaniambia: "Mama, tajiri ana nazo, kwa nini asilipe zaidi?" Nawajibu hivi. Tajiri wa Lubumbashi ana dereva, dereva ana mdogo wake anayefanya kazi ofisini, na mdogo wake analeta gari lake kwako kesho. Mji huu unaonekana mkubwa, lakini ukiishi ndani yake unajua kila mtu ni mtoto wa shangazi wa mtu. Bei mbili haziwezi kukaa mjini humu wiki moja bila kukutana. Na zikikutana, anayeonekana mwizi ni wewe uliyefanya kazi kweli kwa jua lote lile. Hilo ndilo linaloniuma: kazi ilikuwa halali, jasho lilikuwa halali, na bado ukaitwa mwizi.

Gari kubwa lilipe zaidi, ndiyo. Lenye safu tatu za viti lina saa mbili za ziada za kusugua. Gari la mgodi lenye michirizi ile ya kung'aa ubavuni lina gundi ya kutoa polepole. Gari lililobebea mbuzi lina harufu ya kupigana nayo. Sababu zote hizo ziko kwenye gari, unaweza kuzionyesha kwa kidole. Ya viatu huwezi kuionyesha.

Sasa tufungue daftari, maana najua wengi wenu bei mliirithi kwa jirani. Jirani anatoza 40, nawe 40, bila kujua yeye kiwanja ni cha baba yake na wewe unapanga. Tuchukue kazi moja: kung'arisha rangi ya gari la kawaida kwa mashine, vijana wawili, kutwa nzima. Hesabu hii ni ya kwangu, yako itatofautiana. Vijana wawili, dola 10 kila mmoja: 20. Dawa ya kung'arishia: 6. Pedi za mashine, ambazo huchakaa hata kama hutaki: 4. Shampuu na vitambaa: 2. Maji: 2, na siku Regideso haitoi nanunua kwa bidoni, inakuwa zaidi. Umeme: 5, kwa sababu SNEL ikikata naiwasha jenereta, mashine haiwezi kusimama katikati ya boneti. Kiwanja na kodi za komini: 5. Akiba ya mashine, kwa kuwa siku moja itaungua: 4. Jumlisheni. Mmepata 48. Mimi naandika 60 kwenye kibao. Zile 12 ndizo zinazonilisha, zinazosomesha, na zinazolipa siku nitakapokosea. Maana tutakosea, nitafika huko.

Anayetoza 35 kwa kazi hiyohiyo, si kwamba ana huruma kuliko mimi. Au hajahesabu, na siku mashine ikifa atafunga. Au kuna kitu hafanyi. Hatoi mchanga kwenye rangi kabla ya kuweka mashine, anausagia humohumo. Wengine, nasema kwa uchungu maana nimeyaona, wanaosha kwa kitambaa kilichoanguka chini. Mnajua vumbi letu: laini kama unga ukilitazama, lakini ndani yake mna chembe za mchanga ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Kitambaa kikidondoka ukikiokota ukaendelea, unachora gari zima ule utando wa buibui unaouona jua likipiga. Kisha mwezi unaofuata unamwambia mwenye gari: rangi yako imechoka, lipa nikung'arishie. Tumemtia ugonjwa wenyewe, halafu tunamuuzia dawa. Ndoo mbili, jamani. Moja ya shampuu, moja ya kusuuzia. Kitambaa kikianguka hakirudi kwenye rangi siku hiyo, kinakwenda kwenye rimu. Na sabuni ya unga ya kufulia ibaki kwenye nguo, inaondoa nta na kukausha raba.

Mteja anakuja anasema: "Mama, ninyi ni ghali, kule ng'ambo ya reli wananifanyia kwa nusu." Zamani nilikuwa nashuka. Kutoka 60 nakwenda 50, kutoka 50 nakwenda 45, na kila nikishuka mteja anazidi kuamini kwamba ile 60 ilikuwa uongo. Na si yeye mkosaji. Ukishusha bei bila kushusha kitu kingine, umekiri kwamba ulimpandishia.

Siku hizi naacha bei, napunguza kazi. Kuna dereva mmoja wa teksi, anakuja na dola 15 mkononi, taa za mbele zimekuwa za njano kabisa kwa jua, viti vina mafuta ya vichwa vya abiria, na anataka gari zima liwe jipya. Nilimwambia: "Papa, kwa 15 siwezi gari zima, na nikikuambia naweza nitakudanganya. Lakini usiku unaona barabara?" Akasema haoni vizuri. "Basi tufanye taa." Vijana wakazisugua kwa maji na msasa, ule wa namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, kila mmoja laini kuliko uliotangulia, wakamalizia na dawa. Saa moja na nusu. Akarudi usiku uleule, akapita tu mbele ya lango, akaniwashia taa mara mbili, akaenda zake. Viti alivileta mwezi uliofuata. Mtu yule hakuwa mgumu. Alikuwa na 15.

Na wengine ugumu wao unaanzia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mmewaona. Gari limetoka Japani, likashuka Dar es Salaam, likavuka Zambia kwa magurudumu yake, usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Limejaa wadudu na lami, na mwenyewe ametoka kulipa ushuru na karatasi ambazo hakuzitegemea. Anafika kwetu amekwisha. Ukimwambia 20, anasikia 200. Huyu usimjibu kwa haraka. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, mpongeze kwa gari, maana ni kweli amepata kitu kikubwa na huenda hakuna aliyempongeza tangu mpakani. Kisha mwonyeshe kibao. Sijui wangapi nimewaona wakicheka dakika tano baada ya kuingia wakitaka kupigana.

Nije kwenye mikwaruzo, hapo ndipo nilipolia kweli.

Mwaka wangu wa sita katika kazi, nilipokea gari jeusi asubuhi. Tukaosha, tukakausha, likawa kioo. Mwenyewe akaja saa kumi, akalizunguka mara moja, akasimama mlango wa nyuma kushoto. Mkwaruzo urefu wa kiganja. "Huu haukuwapo." Mimi moyoni najua ulikuwapo, ulikuwa umefunikwa na vumbi na hakuna aliyeuona, hata yeye. Lakini najuaje? Nathibitishaje? Vijana wakaapa kwa mama zao, yeye akaapa kwa watoto wake, wateja wengine wakasimama kutazama. Nililipa mlango upakwe rangi upya. Fedha ile ilikuwa ya karo ya shule, na mtoto wangu wa pili alikaa nyumbani wiki mbili.

Tangu siku ile, gari haliguswi kwangu kabla ya mzunguko. Njooni niwaonyeshe namna tunavyofanya, maana wengi mnapiga picha mbili mnasema inatosha. Tunamwambia mteja: "Mukubwa, tuzunguke pamoja, dakika nne tu." Tunaanza taa ya mbele ya dereva, tunakwenda mwendo mmoja, hatuvuki pembe. Mmoja ana taa ndogo ya mkononi, anaishika kwa ulalo, si moja kwa moja, maana mkwaruzo unajificha mbele ya mwanga wa moja kwa moja. Penye vumbi zito tunamwaga maji kidogo kwanza. Kila alama naiandika: bampa ya nyuma, kulia, sentimita 6. Tunapapasa kwa ukucha. Ukucha ukinasa, namwambia palepale: huu hautatoka kwa kung'arisha, umepita vanishi, ile ngozi ing'aayo juu ya rangi, unahitaji fundi wa kupaka rangi. Tunaandika kilomita, mafuta, na vitu vilivyomo, miwani, sarafu, rozari kwenye kioo. Anatia sahihi. Wengine wanakasirika: "Hamniamini?" Nawajibu kwamba mimi mwenyewe siamini macho yangu kwenye gari chafu. Ni kweli, siyaamini.

Mzunguko ule umeniletea jambo ambalo sikulitafuta. Mteja anaanza kuliona gari lake. Anauliza hiki ni nini, kile kinatoka? Bei tunaijenga wote wawili, tukizunguka, naye anajua kila dola inakwenda wapi. Na nisipokuwa na hakika ya matokeo, namwomba dakika ishirini, nabandika utepe kwenye boneti, nang'arisha kipande cha viganja viwili hivi, nauondoa utepe. Upande mmoja utando wa buibui, upande mwingine kioo. Ndiyo hiyo, papa. Ukiipenda tunaendelea, usipoipenda hatukudai kitu.

Lakini kuna siku kosa ni letu kweli. Kijana wangu mmoja, mashine mkononi, alikaa mno kwenye ukingo wa boneti. Mnajua kwenye kingo rangi huwa nyembamba. Vanishi ikaisha, ikatokea alama nyeupe kama ya kucha iliyong'oka. Ilikuwa saa saba mchana, mwenye gari atakuja saa kumi na moja. Vijana wakaanza kupanga: tupake nta, hataona leo. Nta ingeficha siku tatu, labda wiki.

Nilichukua simu nikampigia saa saba ileile. Nikamwambia: "Papa, gari lako liko salama lakini tumeliumiza sehemu moja, na tumeliumiza sisi. Nakuomba uje ulione kabla sijagusa kitu." Akaja. Alifoka, na alifoka sana, hata jirani wa vipuri akatoka nje. Nilimwacha amalize. Sikusema "lakini" hata mara moja. Naombeni mlikumbuke neno hilo, maana mteja mwenye hasira akisikia "lakini" anaanza upya kutoka mwanzo. Alipovuta pumzi nilimwambia: "Nionyeshe kwa kidole." Akainama, akaweka kidole. Mtu akiinama sauti hushuka yenyewe. Alama ilikuwa ndogo kuliko sarafu. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza tutafanya nini. Nikamwambia nani atapaka, siku ngapi, na kwamba sitatoza ile kazi ya siku hiyo. Nilimaliza kumlipa fundi wa rangi kwa wiki tatu. Mteja yule hakurudi miezi minne, kisha siku moja nikaona gari lile langoni, na nyuma yake gari la mkewe.

Yule kijana hakukatwa mshahara. Nawaambia ninyi wenye lavaji: ukimkata kijana kila anapokosea, kesho atakuficha, na mteja ndiye atakayekuja kukuambia.

Kuna jambo moja linalofanana na hilo, la kumkataza mteja anayetaka kulipa. Ile vanishi kwa magari mengi ni mikroni 40 au 50 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya daftari langu ni karibu mikroni 100. Kwa hiyo mng'aro wote wa gari la mtu, fahari yake yote ya Jumapili, ni nusu ya unene wa karatasi hii, na kila ukipitisha mashine unachukua kidogo ambacho hakirudi. Bwana mmoja alitaka nimng'arishie kila mwezi, fedha taslimu, bila kubishana. Nilirarua karatasi mbele yake nikampa aishike kati ya vidole. "Vanishi yako ni nusu tu ya unene wa hii, mukubwa, na wewe unataka tuile kila mwezi?" Sasa anakuja kuosha tu, na nta mara moja kwa miezi mitatu. Nimepoteza 60 kila mwezi, ndiyo. Sijaona usiku nilioijutia.

Madeni nitayapita upesi maana mnayajua. Ila kuna kampuni moja ndogo inayofanya kazi za migodi iliniletea magari kumi na moja kila wiki, karatasi za malipo mwisho wa mwezi. Mwezi ukawa miezi mitatu. Mimi nalipa vijana kila Jumamosi, wao wananilipa wakikumbuka. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa mkataba wangu wa kampuni ni ukurasa mmoja: siku 14, na ya kumi na tano ikifika magari yanaoshwa kwa taslimu tu, ninayaosha kwa heshima ileile, lakini kwa taslimu. Kampuni mbili zilikataa. Nne zilikubali.

Na wale wa "unanijua mimi ni nani?" Nawaombeni vijana msishindane na mtu mwenye cheo au mwenye silaha kwa ajili ya dola 10. Mwili wako ni wa mama yako. Kwangu kibao kinasema malipo ni kabla ya kazi, kwa kila mtu, na nakionyesha kwa mwalimu kama ninavyokionyesha kwa mkubwa. Wengi hulipa wakiona hata aliyetangulia amelipa. Asiyelipa, akaenda, naandika tarehe. Gari likirudi, mimi mwenyewe ndiye ninayesimama, si kijana, namsalimia vizuri na kumkumbusha. Wawili walilipa. Mmoja hajarudi.

Lakini mnaniambia mteja ni mfalme. Nimelisikia sana neno hilo, na sijalikubali. Mwaka juzi mtu mmoja alimpiga kofi kijana wangu kwa sababu viti vilikuwa bado vina unyevu. Ulikuwa mwezi wa kwanza, mvua kila siku, na tulimwambia toka mwanzo: kuosha viti kwa shampuu wakati wa mvua ni siku mbili, maana sifongo ya ndani isipokauka inaoza na kunuka. Alitaka saa mbili. Kofi lile nililisikia kutoka ndani. Nilitoka nikamrudishia fedha yake yote, nikamkabidhi funguo, nikamwambia asirudi. Vijana wanaosha rimu kwa magoti, mikono imepasuka kwa dawa, Julai asubuhi maji ni barafu. Hawakuajiriwa kupigwa. Kijana yule yuko humu ukumbini leo, sitamtaja, naye ana lavaji yake sasa.

Siku moja pia nilimkataa muuzaji aliyetaka tung'arishe gari lililozama maji, tutoe harufu, ili amuuzie mtu bila kumwambia. Aliahidi mara tatu ya bei ya kibao. Nyaya za gari lile zilikuwa zimeanza kuota kijani chini ya zulia. Atakayelinunua atasafiri na watoto kwenda Likasi usiku.

Nimesema mengi, na harusi zinasubiri. Tufanye kitu kimoja kabla hamjaondoka.

Nje, chini ya mwembe, kuna gari moja nimeliazima. Mwenyewe yuko humu ndani, amekaa kati yenu tangu asubuhi, na hakuna anayemjua isipokuwa mimi. Labda amevaa viatu vizuri, labda kandambili. Kila mmoja apokee karatasi hapa mlangoni na taa moja kwa kila watu watatu. Mzunguke kuanzia taa ya mbele ya dereva, mfungue milango, mwinue mazulia, mpapase kwa ukucha. Andikeni kazi mnazoziona, saa zake, na bei. Msiandike majina yenu. Karatasi zikishakaa zote mezani, nitamwomba mwenye gari asimame, asome bei kwa sauti moja baada ya nyingine, na kila bei atuulize swali lile la yule shemeji.

Haya, twendeni. Wa mbele waanze.